Mashine Iliyomjua Mama Mapendo

Siku ile ya majaribio kambini Kakuma, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mama yenu asisikie. Nilikuwa kijana wa Lodwar, nimetoka chuoni juzi tu, natembea kama mtu aliyeumba kompyuta kwa mikono yake. Nilikuwa nimeandika programu ya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi: watahiniwa wakae Kakuma, seva ikae ofisini kwetu Lodwar. Umeme wa Lodwar ukakatika kidogo, ukarudi. Ukumbini Kakuma, nami nikiwapo, kila mtu akatolewa nje ya programu, majibu yakapotea, na skrini ikauliza upya jina na nywila.

Mama Mapendo, mkimbizi kutoka Kongo, akanigeukia. Kwao alikuwa amezalisha wanawake wengi bila cheti, na mtihani huu ulikuwa nafasi yake ya mwisho, maana mwaka uliofuata umri ungemzuia.

"Mwanangu," akasema, "ku mpaka niliulizwa jina. Ku kambi niliulizwa jina. Sasa na hii mashini yako, kila umeme inakatika, inaniuliza tena: weye ni nani?"

Yalinichoma, sikufichi. Habari za nani ameingia na amefika wapi, zile tunazoziita sesheni, nilikuwa nimeziweka kwenye kumbukumbu ya muda ya seva, ambayo hufutika seva ikizima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini sisi wasomi methali tulizifanyia mtihani tukaziacha hukohuko shuleni.

Nikarudi Lodwar kumwambia Ekai, mkubwa wangu, kwamba sesheni nazihamishia kwenye databezi, lile daftari la kompyuta lisilofutika umeme ukikatika, ziwe na jedwali lao, kila mtu na mstari wake: ufunguo wake, majibu yake, na saa ya kuisha.

"Itakuwa slow, bana," akasema. "Kila mtu akibonyeza, unaenda kusoma databezi? Utaichosha."

"Heri ichoke databezi kuliko achoke Mama Mapendo."

Akacheka, akanikubalia.

Siku ya mtihani wenyewe, nikiwa tena Kakuma, upepo wa Lodwar ukaangusha waya. Ekai akanipigia simu: "Seva imezima, nawasha jenereta." Ukumbini watu wakashika vichwa. Mama Mapendo akafumba macho, akasali. Seva ilipoamka nikamwambia abonyeze. Skrini haikumuuliza kitu. Ilimfungulia swali lilelile alilokuwa amefikia, la mama aliyejifungua na anatoka damu, na majibu yake yote yapo.

"Inanijua!" akapaza sauti. "Haikuniuliza! Inanijua!"

Vigelegele vikalipuka. Msimamizi akaomba utulivu, nani amsikie? Mimi niliyepaswa kumsaidia kunyamazisha watu ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Nilifurahi mpaka machozi. Mama Mapendo alifaulu, na akawa muuguzi.

Basi mwanangu unayeandika programu leo, usiamini kumbukumbu inayotegemea umeme. Jasho la mtu liandike panapodumu. Na jedwali lenyewe ulifagie: sesheni iliyopitwa na wakati ifutwe, maana mlango ulioachwa wazi humwita mwizi. Mkubwa akikwambia itachelewa, usinune, pima kasi yake, umwonyeshe. Haraka haraka haina baraka, hata kwenye seva.

Akuj, Mungu wetu Waturkana, akubariki. Akupe kazi ambayo, wewe ukiwa umelala zako, mtu usiyemjua anaishangilia.