Sura Ambayo Haikuwamo

Mume wangu Simeon Kingori alisoma mpaka darasa la nne tu. Kiingereza alijifunza kabla ya Uhuru, akimfanyia kazi daktari wa mifugo Mzungu huko Mweiga. Baadaye aliandikwa kazi ya kupangusa na kupanga vitabu katika chumba cha kusomea cha chuo cha kilimo. Tukapewa nyumba ya wafanyakazi, na hapo ndipo tulipolea watoto wetu. Kwa neema ya Mungu alisoma kila kitabu alichokipangusa.

Wanafunzi walilijua hilo. Mwaka wa 1974 alikuja mwalimu mpya wa sayansi ya mifugo, Bi. Kinya, kutoka upande wa Meru. Akawapa kazi ya kuorodhesha vitabu kumi, na chini ya kila kimoja waandike kwa kifupi kinasema nini na kinamfaa nani. Basi wakamjia mume wangu mmoja mmoja.

"Mzee, hiki cha kondoo kinasema nini?"

"Kwani macho yako yamekwenda likizo?"

"Ni kinene, baba! Hata mlango wetu si mnene hivi."

Alicheka, akawaeleza. Aliwaambia sura bora ni ile ya mwisho, ya minyoo ya ini: mdudu yule hukaa kwanza ndani ya konokono wadogo wa matopeni, kwa hivyo anayetaka kuokoa kondoo aanze kwa kukausha malisho. Wanafunzi kumi na wanne waliandika hivyo.

Bi. Kinya akakifungua kitabu. Sura hiyo haikuwamo. Mwaka uliotangulia paa lilivuja, kurasa za mwisho zikaoza, zikang'olewa, na kitabu kikashonwa jalada jipya. Wakati huo mume wangu alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu, na hakuna aliyemwambia.

Mkuu wa chuo akawaita wote kumi na wanne. Aliyewasomea vitabu atajwe kufikia Ijumaa, la sivyo wote watarudishwa makwao. Na kama ni mfanyakazi, atafukuzwa.

Jumatano, msichana mmoja wao, Murugi, alikuja kwangu jikoni.

"Mama, mwambie mzee asiwe na wasiwasi. Tumekubaliana. Hakuna atakayemtaja."

"Na nyinyi mtakwenda wapi?"

"Nyumbani. Baba yangu atanichapa, halafu atazoea." Alijaribu kucheka.

Nilipompa mume wangu salamu hizo, alisukuma sahani kando.

"Ati hawatanitaja? Afadhali wangenitaja, Mama Wachuka. Wakinitaja, basi, imekwisha. Sasa wamenifunga kamba. Nikisema, tunatoka nyumba hii, na wewe hujui tutaenda wapi. Nikinyamaza, nimekula watoto wa watu."

Nasema ukweli mbele za Mungu: niliomba anyamaze. Kisha nikaona aibu, nikaomba nisamehewe. Sikuomba aseme. Sikuweza.

Alhamisi asubuhi alivaa koti la kanisani, akaenda kwa Bi. Kinya. Alinieleza baadaye.

"Ni wewe?" mwalimu aliuliza. "Sura ile uliitoa wapi?"

"Ilikuwako, mwalimu. Niliisoma."

"Hebu nisomee."

Akaisema yote, akiwa amesimama na kofia mkononi, konokono, matope, ini, mpaka dawa zilizotajwa. Bi. Kinya hakumkatiza. Alipomaliza, alisema, "Yote ni kweli, mzee. Lakini mimi niliwauliza wao."

Alikwenda kumtetea kwa mkuu. Wanafunzi wakapewa wiki mbili waandike upya. Mume wangu hakufukuzwa, na nyumba hatukutolewa. Alihamishiwa chumba cha maziwa, kuosha makopo, na akaandikiwa barua kwamba asikanyage tena chumba cha kusomea, hata kwa kutumwa.

Watu wa kanisa walinipongeza, wakasema Bwana ametutendea. Ametutendea, sikatai. Lakini ni mwaka wa tatu sasa. Hapa nyumbani tuko na Biblia na kitabu cha nyimbo, navyo amekwisha kuvijua kwa moyo. Jioni hukaa mikono imelala magotini, inanuka sabuni ya makopo. Hawezi kuacha kazi, maana nyumba ni ya kazi.

Juzi nilimwambia, "Baba Wachuka, tuombe."

Akasema, "Omba wewe. Mimi nitasikiliza."

Nikaomba.