Kadi Iliyodai Chai

Kwa mambo ya funguo, Nibaldo Sanhueza alikuwa mtu mpole kabisa. Ukimpelekea kufuli lililoliwa na kutu kwenye kibanda chake karibu na soko la mji wa bandari wa Talcahuano, alikuonea huruma wewe na kufuli lako. Lakini mpelekee kadi mpya ya rangi mbili, uone. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma na mbele, akaikodolea macho kama baba anayemkagua mchumba wa bintiye. Mwishowe alisema neno lake lile lile.

"Haya, nzuri. Lakini nani atakuchukua?"

Tusimcheke bure, swali lilikuwa na maana. Nibaldo alikuwa mtunzaji wa kasha la kadi za vita, kasha alilolijaza mwenyewe kwa miaka, kadi moja moja. Kila Jumamosi kadi zile zilichangwa na kugawanywa mafungu. Kila mchezaji alifungua fungu, akachukua kadi moja, akampitishia jirani zilizobaki, na hivyo hivyo mpaka kila mtu awe na jeshi lake. Kadi ya rangi moja haina matata. Ya rangi mbili inakutaka uwe na rangi zote mbili, la sivyo ni karatasi tu mkononi. Ndiyo maana nyingine zilizunguka meza nzima bila kuposwa na mtu, zikaishia kuwekewa vikombe. Kwa hiyo Nibaldo alizitengea kila rangi mbili viti vitatu tu. Mpya ikiingia, ya zamani inatoka, na habembelezwi mtu. Aliwahi kuitoa kadi ya nyekundu na buluu aliyoipenda Ulises, dereva wa lori la samaki na rafiki yake tangu utotoni, na Ulises hakumsemesha mpaka sikukuu za Septemba.

Mwezi wa Julai, mvua ikinyesha bila adabu, ziliwasili kadi mpya. Nibaldo alizihukumu kibandani, kati ya funguo mbili. Ya nyeusi na nyekundu: makelele mengi, kazi hakuna. Ya buluu na nyeupe: maneno marefu kuliko hati ya nyumba. Halafu akaifunua ya kijani na nyeupe, Malkia wa Nyuki, na mkono ukamsimama. Malkia alikuwa na nguvu, alizaa askari, na juu ya hayo alimwongezea mwenye kadi pointi za uhai, zile ambazo zikikuishia umeshindwa. Huyu angechukuliwa na yeyote.

Ilibaki kujua nani atampisha, na jibu lilijulikana na kila mtu: Mwoka Mikate.

Mwoka Mikate ilikuwa kadi pekee ya Kiingereza katika kasha zima. Zamani baharia mmoja Mfilipino alichongewa ufunguo, akalipa kwa kadi hiyo, na Nibaldo akaipokea kwa kuwa kijani na nyeupe walipungukiwa kiti kimoja. Kiingereza hakujua. Aliyemsomea ni shangazi Hortensia, mwenye nyumba walimochezea, mama wa makamo aliyestaafu kazi ya kupokea simu bandarini. Wote walimwita shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote. Basi neno la kwanza kwenye ile kadi lilikuwa *once*.

Na kwa watu wa huko, wasemao Kihispania, *once* ni chai ya jioni, pamoja na mkate wa moto, parachichi la kupondwa, jibini, na keki ya matofaa Mungu akijalia. Shangazi Hortensia alivaa miwani, akasoma, akatangaza: "Inasema hivi. Chai ikiwa mezani, kila zamu mwenye kadi anaongeza pointi nne za uhai."

Nibaldo wakati huo alikuwa na sheria kali: chakula hakisogei karibu na kadi. Watu walicheza tangu mchana mpaka giza, matumbo yakiimba. Lakini alikuwa pia mtumwa wa maandishi. Alitafakari, akakuna kidevu, akasema: "Kadi ikisema, kadi imesema."

Tangu siku hiyo shangazi aliichukua Mwoka Mikate kila alipoiona, na kila alipoiweka mezani aliinuka kwenda kubandika birika. Zamu zake zilipita bure mpaka chai ifike, huku wengine wakipanguza vidole. Nibaldo naye alikula, tena vizuri, kwa kuwa ilikuwa sheria. Ila kama mtunzaji aliidharau kadi ile. Kadi inayongoja maji yachemke ni kadi ya polepole, alisema, na hakuna jeshi lililoshinda vita kwa kusubiri birika.

Habari ya Malkia ilipofika kwa Ulises, aliliegesha lori mbele ya kibanda, samaki wakinuka mtaa mzima.

"Wewe Nibaldo, nimesikia unamtoa Mwoka."

"Umesikia sawasawa."

"Sasa tutakula nini?"

"Kasha si hoteli, Ulises."

"Na shangazi je? Ile ndiyo kadi yake. Ukimnyang'anya, atakaa pale mezani afanye nini, ahesabu matone ya mvua?"

"Nilitoa yako, nikatoa na yangu mwenyewe. Nikimwachia shangazi kwa sababu ya mkate, mimi ni mtunzaji au ni mpishi?"

"Wewe ni kufuli bila ufunguo," Ulises akamjibu, akaondoka na samaki wake.

Maneno yale yalimchoma. Nibaldo alimpenda yule mama, na hakutaka kumwona na sura ya kunyang'anywa kitu. Akaamua kwamba angalau hukumu iwe ya haki isiyo na doa. Akaziweka kadi mbili sambamba juu ya meza ya kuchongea funguo. Malkia ilikuwa ya Kihispania, nayo ilisema: mara moja kila zamu, ongeza pointi nne za uhai. Akaitazama Mwoka. Ile nne ilikuwa pale pale. Mpangilio wa sentensi ulikuwa ule ule. Mahali Malkia aliposema mara moja, Mwoka alisema *once*.

Nibaldo akaandika neno lile kwenye simu yake, akaomba tafsiri, na simu ikamjibu: "Mara moja."

Mteja aliyefuata alikuta fundi ameketi mdomo wazi, akaenda kuchonga ufunguo kwingine.

Maana yake, kadi haikuhitaji chai hata kidogo! Ilikuwa inaongeza uhai kila zamu, bure, mvua au jua. Na maskini shangazi, kwa kosa la neno moja, alikuwa akiinuka miaka yote hiyo katikati ya vita kwenda kuchemsha maji, huku akipoteza michezo ambayo angeshinda amekaa kitini. Nibaldo alihuzunika, kisha akafurahi. Mwoka haikuwa kadi mbovu, ilikuwa imesomwa vibaya tu. Angemrudishia shangazi haki yake, na kadi ibaki bila upendeleo wowote. Siku nzima alijisikia mtu mwema kupita kiasi.

Jumamosi hakukaa. Alisimama kichwani pa meza, koti likichuruzika, mbele ya Ulises, shangazi Hortensia na Yasna, muuguzi wa hospitali aliyependa kucheza rangi nyeusi.

"Jamani, nina jambo zito. Shangazi, naomba usijisikie vibaya. Hata mjuzi huteleza."

"Nimeteleza wapi, mwanangu?"

"Kwenye Mwoka. Lile neno si chai. Ni mara moja."

Ulises aliinamia meza mabega yakimtikisika. Yasna akajifunika uso kwa kadi zake.

"Mnacheka nini? Mlikuwa mnajua?"

"Mimi nilijua siku ile ile," Yasna akasema.

"Mimi siku ya pili," akasema Ulises. "Siku ya kwanza nilikuwa nakula."

Nibaldo akamgeukia mwenye nyumba. Shangazi alikuwa anavua miwani taratibu.

"Miaka ishirini nimepokea simu za manahodha, Nibaldo. Hakuna aliyenipigia asiniombe kwa Kiingereza nirudie mara moja tena. Ulidhani walikuwa wanaagiza chai?"

"Lakini shangazi... ulikuwa unashindwa! Kwa makusudi?"

"Kaa kwanza, unanilowesha zulia."

Akakaa.

"Mwaka ule mama yako alipotutoka, ulikuwa unakuja hapa moja kwa moja kutoka kibandani, mashavu yameingia ndani. Nikikukaribisha mkate, asante shangazi, nimeshiba. Umeshiba nini, mate? Na ile sheria yako ya makombo ndiyo ikawa kisingizio. Nikasema huyu hamsikii mtu. Lakini kadi ataisikia."

Nibaldo alikumbuka jinsi alivyokula mkate ule wa kwanza, ameinamisha kichwa, akijiambia kwamba anatii sheria tu. Mwaka ule wote hakuna mlo mwingine aliokuwa ameketi kula pamoja na watu. Aibu ilimpata, na shukrani ikaizidi ile aibu. Mtu aliyejisifu kwamba anasoma kila herufi ndiye peke yake aliyekuwa hajasoma kitu.

"Sasa hukumu yako, bwana mtunzaji?" Ulises akauliza, bila kejeli safari hii.

Nibaldo akamtoa Malkia wa Nyuki kwenye mfuko wa shati, akamtazama kidogo, akamrudisha. "Mzuri," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Lakini nafasi hakuna."

Wakachanga, wakagawa. Nibaldo akafungua fungu lake la kwanza, na nani yumo? Mwoka Mikate. Hakuwahi kuichukua hata siku moja. Shangazi, aliyeketi kushoto kwake, alikuwa tayari amenyoosha mkono kupokea zilizobaki. Nibaldo akaichukua ile kadi.

Vita vilipopamba moto, akaiweka mezani. Shangazi Hortensia, kwa mazoea, alishika kingo za meza ainuke.

"Kaa, shangazi. Kadi ni yangu leo."

"Si umesema yenyewe ni mara moja tu? Chai ya nini?"

"Kadi ikisema, kadi imesema."

Akaenda jikoni. Walimsikia akifungua kabati zote, hata zile za ndoo na sabuni. Birika lilipiga mluzi mpaka likachoka, kisha harufu ya mkate unaoungua ikaja kuwasalimia.

"Shangazi," Ulises akanong'ona, "twende tukamwokoe?"

"Mwache."

Nibaldo alirudi na sinia mikononi, jasho usoni, parachichi kwenye mkono wa shati. Alimwekea shangazi kwanza, yule ambaye hajawahi kuandaliwa chai na mtu katika nyumba ile tangu awe mjane. Mkate ulikuwa mweusi upande mmoja. Shangazi Hortensia akaugeuza, akauma, akatafuna muda mrefu machozi yakimlengalenga, akaumaliza wote, akaomba mwingine.