Mteja Wangu wa Pekee Ainabkoi

Nilitoka Voi kwa mabasi mawili na lori la viazi hadi Eldoret, nikaapa kwamba hapa nitatulia. Kampuni ndogo ya maziwa lala, yale ya kugandishwa, ikanituma kwa wafugaji wa Ainabkoi kuuliza kama watu watanunua pakiti zake. Kila boma niliacha pakiti ya zawadi, nikanywa chai na kuambiwa, "Tamu sana!" Nikajaza fomu zote "watanunua", mjinga mimi, kana kwamba kuna mtu huko angemkosoa mgeni aliyeleta zawadi.

Bosi akaja na gari limejaa pakiti, tukasimama boma la kwanza, akamuuliza mwenyeji: "Mama, tukuwekee ngapi?"

"Huyu kijana ni mzuri, hatungemwaibisha," Mama akacheka. "Lakini maziwa lala tunagandisha wenyewe, iko kwa kibuyu. Hiyo yake tulipatia mbwa."

Mbwa akanikimbilia akitikisa mkia.

Jioni hiyo nilipanda basi la Kitale.