Firigisi ya Mchungaji

Kuku wangu hapa Matiliku walikuwa wakila sukuma wiki na majani ya kunde, na sikuwahi kuona hata mmoja akiumwa. Kisha Jumamosi moja, nikijiandaa kumpikia mchungaji chakula cha Jumapili, nikamenya viazi vilivyoachwa juani mpaka vikageuka kijani. Nilikata maganda manene, maana najua vizuri kwamba ule ukijani huumiza tumbo la mtu. Halafu, mjinga mimi, nikawamwagia kuku maganda yote. Kwetu kuku ndiye pipa la taka.

Asubuhi jogoo mkubwa alikuwa amelala kwenye kinyesi chake mwenyewe, maji ya kijani yanayonuka hadi nikaziba pua kwa leso. Mama mkwe alimtazama mara moja tu.

"Mchinje kabla hajafa," akasema. "Huyo ndiye wa mgeni."

Nikamchinja. Nilipopasua firigisi, maganda yangu yakatoka, bado kijani, yamechanganyika na changarawe na ute. Nikatapika pale pale kando ya karai. Halafu, Mungu anisamehe, nikaiosha ile firigisi na kuikaanga, kwa sababu kwetu firigisi ni ya mgeni wa heshima, na isipoonekana kwenye sahani yake ataiulizia.

Mchungaji aliitafuna polepole, akalamba vidole, kisha akasimama kuiombea mikono iliyomlisha kuku yule. Tukafumba macho. Amina yangu ndiyo iliyosikika zaidi.