Tambuu Yangu Mbele ya Mkaguzi wa Meno

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, chekeni mtakavyo, lakini someni mpaka mwisho.

Daktari wa meno pale Mtwara mjini alinikataza kutafuna tambuu mpaka jino langu lipone, nami nikamwapia kwamba nimeacha. Juzi nilitoka Mikindani kwenda kwake, na njiani nikatafuna moja. Nilipofika nilikuta benchi limejaa wagonjwa, hakuna pa kutemea. Nikaibana shavuni, nikakaa kimya, mtu mzima mimi.

Mara akaingia mkaguzi kutoka mkoani, amekuja kuangalia kama wagonjwa tunatunzwa vyema. Akaona wekundu wa maji ya tambuu midomoni mwangu na kwenye kanga.

"Bibi, umeng'olewa jino?"

Ningejibu, tambuu ingeonekana na daktari aliyekuwa ndani angejua. Nikaguna tu, nikajiziba kwa kanga.

"Daktari! Bibi anavuja damu nawe umemwacha kwenye benchi? Kliniki hii naifunga leo!"

Daktari akatoka mbio. "Huyu bado sijamgusa, Ndugu Mkaguzi."

"Hujamgusa, na damu yote hii?"

Nilimwona mtoto wa watu anaharibikiwa kazi kwa ajili yangu, na bado nikanyamaza. Mkaguzi akanifungua kinywa mwenyewe. Likamdondokea kiganjani bonge zima la jani, popoo na chokaa.

Akalitazama, akanitazama. "Bibi, damu yako ina majani?"

Benchi zima likacheka. Daktari peke yake hakucheka.

Nilipofika nyumbani niliwaambia wote: "Kijaluba changu cha tambuu kitieni kufuli, na ufunguo mumpelekee daktari."