Mahali Pasipopakwa Mafuta

Tangu usichana wake Mama Zabibu hakupata kuvuka mlango na miguu mikavu. Hata akienda kumwaga taka tu, kwanza vazelini. Marehemu mama yake, mtu wa Maniema aliyeletwa Lubumbashi na ndoa, alimlea kwa neno moja: ngozi ya kijivu ni ya mtu asiye na watu. Mwenye mume, mwenye ndugu, mwenye watoto, ataachwaje atoke amepauka kama ukuta?

Basi pale mtaani Bel-Air miguu yake ilijulikana. Mwape, jirani anayeuza makaa mbele ya mlango wake, hakukosa la kusema kila alipoiona ikipita, akimwita kwa jina la bintiye.

"Eh, Mama Mounira! Leo umepaka kopo muzima? Nzi ikikaa hapo itateleza, ikufe!"

"Acha iteleze," alijibu Zabibu. "Nani aliiita?"

Mumewe Zakari alipofariki, Zabibu aliendelea kupaka. Mounira, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameolewa mbali, huko Kindu, na nyumba ikabaki na mtu mmoja na redio. Sebuleni ilikuwapo mikeka miwili ya kusalia: wa Zakari mbele, wake nyuma, kama walivyozoea tangu mwaka wa harusi. Wa mbele hakuuondoa. Aliukung'uta kila Ijumaa na kuurudisha palepale. Zamani, sala ikiisha, Zakari aligeuka na kumuuliza kwa kutania, "Umeomba nini leo?" Naye hakumwambia hata siku moja. Alicheka tu.

Mvua ikaja, akateleza kwenye saruji ya mlangoni, na mfupa wa goti ukapasuka. Madaktari waliufunga kwa waya, wakauvika plasta. Plasta ilipotolewa, paja lilikuwa limekonda kama muhogo uliosahauliwa juani, na mguu haukusikia amri. Zabibu akawa anasali juu ya kiti. Dini inaruhusu, alijua. Mungu hana neno na kiti. Mwenye neno alikuwa yeye, maana kwenye kusujudu, paji la uso likiwa chini, ndipo alipokuwa akijihisi yuko karibu na mtu.

Alasiri moja alijaribu kwa nguvu. Kushuka alishuka. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Alijikokota huku na huku, akachoka, akalala ubavu kwenye mkeka. Sauti ya kuita ilikuwapo, ila aliona haya kuitwa mzee aliyeanguka kwa kusali. Jua lilikuwa linazama Mwape alipoingia kuazima chungio.

"Yesu wangu! Mama Mounira, uko unafanya nini chini?"

"Napumzika."

"Unapumzika sawa gunia!" Mwape akamshika makwapani, akamwinua, wala hakucheka. Tangu siku ile Zabibu aliiogopa sakafu ya nyumba yake mwenyewe. Akawa na ombi moja tu: ashuke na ainuke mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na wa kumwinua.

Daktari alimpeleka kwenye kituo cha kuzoeza viungo. Pale alimkuta Séphora, msichana mpole mwenye nywele za kusuka, ambaye wagonjwa walimwita kine, kama wanavyoitwa wote wa kazi ile. Séphora alimkandakanda paja, akamwonyesha kidude cheupe kilicholingana na kifuniko cha chupa.

"Hii, mama, tunabandika ku ngozi. Haiume, haitoboe. Musuli ikikaza, inatoa kaumeme kadogo sana, mutu hawezi kukasikia. Hii inasikia, inatuma pale ku tablet. Tutaona kama musuli inaitika ao imelala."

"Kumbe nyama inasema?"

"Inasema, mama. Ni siye hatusikie." Séphora akatabasamu. "Sasa munisikie. Siku ya kupima, muoge na sabuni, lakini musipake mafuta. Hata kidogo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Zabibu alisikia, na akili zake zilikuwa timamu. Lakini asubuhi ya kupimwa, alipoketi kitandani akaiona miguu yake imekauka baada ya kuoga, imepiga mistari myeupe, roho ilimkataa. Atamfunulia paja mtoto wa watu, paja la namna hii? Msichana yule atasema nini moyoni? Atasema mama huyu ametupwa. Akachukua kopo. Kidogo tu si mafuta, alijiambia, ni heshima. Akapaka, akasugua mpaka kukaonekana kama hakukupakwa kitu.

Ilikuwa Oktoba, joto limebana jiji kabla ya mvua. Séphora alipobandika kidude, hakikushika vizuri, kikataka kuteleza. Akadhani ni jasho. Akapangusa kwa pamba kavu, akakirudisha, akakizungushia bandeji kisianguke.

"Haya mama, mukaze. Sukuma goti chini, sawa vile munataka kuponda kintu ku kitanda."

Zabibu akakaza. Kwenye kioo cha tablet mstari wa kipimo ulilala chali.

"Mukaze tena."

Alikaza mpaka machozi yakamlenga. Mstari ukabaki kama uzi juu ya meza ya mshonaji. Séphora akaweka kiganja juu ya paja, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Mukono inaniambia kuko kantu. Machine inakatala. Sijue niamini gani." Akafungua bandeji polepole. "Tutajaribu tena Ijumaa. Ikibakia vile vile, docteur amesema tuache mambo ya kupiga magoti, tufundishe kutembea na fimbo. Kwa kusali, mama, itabakia kiti."

"Kiti mpaka lini?"

Séphora alijishughulisha na kukunja bandeji.

Jioni ile Mounira alipiga simu.

"Mama, muguu?"

"Iko tu muzuri."

"Kweli?"

"Mungu anasaidia. Batoto banakula?"

Mtandao ulikata kabla ya jibu. Zabibu alikaa na simu mkononi, akingoja ilie tena. Haikulia. Siku zilizofuata alioga kwa sababu usafi ni wajibu, lakini kopo la vazelini halikufunguliwa. Mguu uliokufa wa nini kuupamba? Na nani autazame?

Ijumaa alitoka vilevile, kitenge cha zamani, ngozi imepauka. Mwape alikuwa akipima makaa.

"Aa! Mama Mounira, ni weye ao ni muzimu yako? Uko sawa batu ba mashimo ya madini ya Kambove, vumbi mutupu!"

Alingoja jibu. Zabibu alipita tu, fimbo mbele, mguu nyuma. Mwape akaweka koleo chini.

"Mama Mounira. Nikusindikize?"

"Hapana, mama. Baki na bateja yako."

Kituoni alipandisha kitenge akiwa amegeuzia uso ukutani. Séphora akabandika kidude, nacho safari hii kikanata chenyewe, bila bandeji.

"Mukaze, mama."

Akakaza bila imani, kwa ajili ya adabu tu. Na mstari ukaruka! Ukaruka kama samaki wa Kasenga ndani ya kapu. Zabibu akashtuka, akaachia, mstari ukaanguka.

"Nimeharibu machine?"

"Hapana! Ni weye! Mama, ni weye! Kaza tena!"

Akakaza, ukapanda. Akaachia, ukashuka. Akakaza na kuushikilia, nao ukabaki juu ukitetemeka, mdogo, lakini hai. Zabibu akautazama kwa mdomo wazi. Kumbe siku zote hizi alikuwa anaitikiwa. Séphora akakunja uso, akaitazama ile ngozi kavu, kisha akamtazama mwenyewe.

"Mama. Siku ile… mulipaka?"

"Kidogo."

"Kidogo namna gani?"

Zabibu akaonyesha ncha ya kidole kimoja. Kisha, kwa kuwa alimwogopa Mungu, akaongeza vidole viwili.

Séphora alicheka mpaka akaegemea kitanda. "Ee mama! Mulikiziba kidude masikio! Na miye nikafunga na bande, sikuuliza, sikupangusa na alkoli. Tulikosa siye wawili." Halafu akauliza kwa upole, "Juu ya nini mulipaka, na nilisema?"

"Nilisikia haya. Nilisema utaniona sawa muntu hana bantu."

Kicheko kilimwisha yule msichana. Akatafuta mkobani, akatoa chupa yake mwenyewe ya mafuta, akaiweka kwenye kiganja cha Zabibu. "Mupake mbele ya kutoka." Kisha akaitwa, maana mgonjwa mwingine alikuwa akingoja, na Zabibu akabaki peke yake pale kitandani. Alijipaka taratibu, miguu yote miwili mpaka vidoleni. Kwenye paja tu, pale kidude kilipokuwa kimekaa, aliacha kiduara kikavu.

Kiduara kile alikiacha msimu mzima wa mvua. Alikwenda kituoni, akakaza, akautazama mstari ukipanda kila juma kidogo zaidi. Baadaye Séphora alimgeuzia kioo kule, akamwambia akaze bila kuona, mpaka akajifunza kuujua mwitiko wa nyama yake mwenyewe hata akifumba macho.

Siku aliyojaribu hakumwambia mtu. Ilikuwa alasiri, mvua imeacha, nje Mwape anabishana na mteja anayedai makaa ni mabichi. Zabibu akasogeza kiti kando ya mkeka, tahadhari tu, akaanza sala akiwa amesimama. Zamu ya kusujudu ilipofika, alishika kiti, akashuka goti moja, akashuka la pili. Paji la uso likagusa mkeka. Ulikuwa na harufu ileile.

Alikaa chini zaidi ya kawaida. Kisha akakaza. Mguu ukatetemeka, ukaitika. Wakati wa kusimama ulipofika, ukatetemeka tena, naye akainuka. Akafanya hivyo mpaka mwisho wa sala.

Akatoa salamu kuume, kwenye mlango uliofungwa. Akatoa salamu kushoto, kwenye ukuta. Mbele yake mkeka wa Zakari ulikuwa umenyooka, na hakuna aliyegeuka.

"Leo sikuomba kitu," Zabibu akauambia mkeka kwa sauti ndogo. "Nilishukuru tu."

Kisha akashika kiti, akainuka, akaenda kupunguza moto chini ya sufuria.