Matone ya Mgongo na Posa ya Madale

Jamani, hii naisimulia nimeinamisha kichwa, na atakayecheka acheke tu, mie mwenyewe nilishacheka nikachoka, ila kwa wakwe wa Madale hadi leo sina uso wa kurudi.

Tangu baba afariki mie ndiye mkubwa nyumbani, kwa hiyo mdogo wangu Elia alipotaka kuoa akanifanya mshenga wake (eti kaka una maneno). Kazi yenyewe mnaijua: unakaa wima kwenye sebule ya watu, unamwaga maneno matamu, na chakula hakiguswi mpaka posa ikubaliwe. Sasa mie na ukarani huu, mgongo umeisha. Asubuhi ile nikampitia Shabani, jirani yangu hapa Tabata, akanipa kichupa cha mafuta ya bangi.

"Haya ni ya dawa, hayaleweshi," akasema. "Matone mawili chini ya ulimi, basi."

Nikaweka mawili. Nusu saa ikapita, mgongo uko vilevile, nikajisemea huyu kauziwa mafuta ya alizeti, nikanywa kama robo ya kichupa. (Baadaye ndiyo naambiwa kitu kile kikipitia tumboni kinachelewa, halafu kinakuja chote kwa mpigo, na kulewesha kinalewesha sana tu.)

Madale tukapokelewa vizuri, tukaamkiana, baba wa binti, mwalimu mstaafu, akakaa mbele yetu. Hapo moyo ukaanza kunienda mbio, mdomo ukakauka ulimi ukagoma kuzunguka, nikiangalia saa ya ukutani naona haitembei, nataka kusimama, naogopa kusimama, nahisi sebule nzima inasikia mapigo yangu.

"Haya mshenga, tunakusikiliza," mzee akasema.

Basi nikasema. Nikasifu ua la bustani yake, nikasifu malezi, nikaomba kwa heshima zote, nikakunja mikono kungoja jibu. Mbona hawajibu, au wamekataa? Jasho likanitoka, nikawa nahesabu vigae vya sakafu. Elia akaniminya goti.

"Kaka, sema basi."

Kumbe sijatamka hata neno moja, hotuba yote niliitoa kichwani.

Nikajikaza, nikafungua mdomo, kilichotoka ni, "Shikamoo mzee." Akaitikia, marahaba, ingawa ilikuwa ya pili. Wakati huohuo harufu ya pilau ikaingia kutoka jikoni, na njaa iliyonikamata sijawahi kuiona maishani.

"Sie tumekuja," nikasema, "tumekuja... kwani pilau bado?"

Mama wa binti akayatazama macho yangu, mekundu hayo, akamgeukia mumewe. "Baba, huyu kalewa."

Mzee akasimama taratibu. "Elia, wewe sina ubaya na wewe. Nenda, utarudi na mtu mwenye akili zake."

Elia alirudi na baba yetu mdogo, posa ikapokelewa, mie nikiwa nimebaki nyumbani nazunguka chumbani, nikikaa nainuka. Siku hizi mgongo ukiniuma nalala kwenye mkeka, na anayeniletea kitu cha kuweka mdomoni namwambia asante, bora maumivu.

Elia hakunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Ila ndugu wengine wa familia waliitwa vikao vya kupanga harusi, mie nikaletewa kadi ya mwaliko.